Ua Kwenye Shavu la Baba

Kabla hamjaniuliza habari za brashi, niulizeni kwanza habari za mafuta ya taa. Hayo ndiyo yaliyonipa kazi, na hayo hayo yakaja kuniumbua mbele ya ukoo mzima, mchungaji akiwapo.

Nawaandikia ninyi vijana mnaopita hapa kwangu Same. Mnashuka kwenye bodaboda na simu mkononi, mnanionyesha michoro yenu, kisha mnauliza swali lile lile. Mmoja ni karani, mwingine muuguzi, na juzi alikuja binti mhasibu, amependeza kiasi kwamba niliogopa kumkaribisha kwenye kiti changu chenye rangi. Wote mnasema, bibi, wewe uliachaje kazi? Mnauliza kwa sauti ya chini kama watu wanaoulizia njia ya kwa mganga. Nimechoka kujibu nusu nusu huku nachemsha chai, kwa hiyo leo nimekaa niandike. Mkiona narukaruka mnivumilie, maana nimekuwa mwalimu wa darasa la tatu, kisha mchoraji wa mabango, na katika kazi zote mbili mtu hamalizi sentensi bila kukatizwa.

Nilifundisha miaka kumi na miwili huku tambarare, karibu na mashamba ya mkonge. Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni foleni, sukari foleni, na chaki haikuwa hata na foleni kwa sababu haikuwapo. Nikawa nafundisha kwa mkaa na udongo mwekundu uliolowekwa, nachora moja kwa moja ukutani. Siku moja nilichora safari ya chakula mwilini, kuanzia mdomoni mpaka kule mwisho, ukuta mzima, na watoto wa madarasa mengine wakajazana dirishani kuangalia huko mwisho kumechorwaje. Mwalimu mkuu alikuja amekasirika. Alisimama, akatazama, hasira ikamwishia njiani, akaniuliza kama naweza kuchora ramani ya Tanzania ukuta wa nje.

Ukuta wa nje hautaki udongo, maana mvua ya kwanza tu nchi nzima inateremka chini. Ndiyo nikatumwa mjini kwa Fundi Ngonyani kuomba rangi.

Huyu Ngonyani alikuwa mtu wa Songea. Alikuja ujanani kama manamba kukata mkonge, na kwa kuwa alikuwa na mkono mzuri, wakampa kazi ya kuandika namba kwenye matrela ya shamba. Mkonge ulipoanguka na shamba likawa linafungwa kipande kwa kipande, yeye akapandisha barabara kuu, akasimika banda la mabati, akaanza kuandika majina kwenye malori. Alikuwa mfupi, mpole, na hapa duniani alidharau kitu kimoja tu, mtu anayeshika brashi kama kijiko cha uji.

Nilimwamkia, akaitikia, nikaeleza shida yangu. Akanijibu kwamba rangi hana, ila kama nina subira atanionyesha jinsi ya kuwa nayo. Mchana ule nilijifunza zaidi kuliko miaka miwili ya chuo. Nyeusi ilitoka kwenye betri za redio zilizokufa: unapasua, unasaga ule mkaa wa ndani, unachekecha kwa soksi. Nyekundu ni udongo wa kule barabara ilikokatwa mlimani. Buluu ni ile ya kufulia. Nyeupe ni chokaa. Vyote hivyo unavishikisha kwa rangi ya mafuta kidogo uliyoibania miezi, na hiyo rangi kidogo unaiongeza kwa mafuta ya taa mpaka robo kopo inakuwa kopo zima. Inanuka, haing'ai sana, na inachukua siku nyingi kukauka, lakini ni rangi. Brashi nene tulitengeneza kwa nyuzi za mkonge zilizopondwa, na brashi nyembamba kwa ndevu za mbuzi ambaye mwenye mali yuko mbali.

Ramani niliimaliza kwa wiki tatu. Baada ya hapo nikawa kila jioni naondoka shuleni na kwenda bandani kwa Ngonyani, kwanza kwa visingizio, halafu bila kisingizio. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya watoto huku namtazama anavyovuta mstari kwa uzi uliopakwa majivu, anaubana huku na huku, anaudokoa mara moja katikati, na mstari unabaki ukutani umenyooka. Moyo wangu ulikuwa unaruka kila mara ule uzi unapogonga. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Nilipenda.

Barua ya kuacha kazi niliipeleka mwenyewe ofisini. Karani aliisoma mara mbili, akauliza kama ninaolewa. Nikasema hapana, mume mwenyewe bado yuko foleni. Akauliza kama naumwa, nikasema sijambo. Akauliza kama nimepata kazi nyingine yenye mshahara, nikasema hapana. Maskini alikuwa na fomu yenye nafasi ya sababu, na kalamu imebaki hewani. Mwishoni nilimwonea huruma nikamwambia aandike sababu binafsi.

Msidhani nilianza kwa kishindo. Kazi yangu ya kwanza nikiwa huru ilikuwa bucha, na mwenye bucha alitaka ng'ombe dume mkubwa ukutani. Sasa mimi ni mtoto wa Chome. Kwetu milimani ng'ombe anafugwa ndani, analetewa majani, anaishi gizani upande wa pili wa jiko. Mimi ng'ombe nilikuwa namjua uso, na namjua mkia, kwa sababu ndizo sehemu mbili zinazoonekana. Katikati nilikisia. Nilichora siku nne, nikajisifu, na siku ya mnada Wamasai wakapita. Walisimama kumi, kumi na tano, wakaegemea fimbo zao, wakatazama. Mzee mmoja akanisogelea kwa adabu akaniuliza kama kwetu madume yananyonyesha. Nilikuwa nimempa dume kiwele. Ngonyani alicheka mpaka akakaa chini. Yule mzee, Mungu ambariki, alinichukua mpaka mnadani akanizungusha kwenye ng'ombe nusu siku, akinionyesha kwa fimbo mifupa inapoanzia na inapoishia, na tangu hapo sijawahi kuchora mnyama bila kwanza kumzunguka. Nanyi mkitaka kuchora kitu, kizungukeni kwanza.

Sasa nije kwa mama, maana hapo ndipo penye habari.

Mama yangu alibaki mjane mimi nikiwa na miaka minne. Baba alikuwa anakata mkonge huku chini, anapanda Chome mwisho wa mwezi, na alirudi mara ya mwisho akiwa anakohoa. Mama alitusomesha mimi na kaka yangu kwa kahawa na maharage. Siku naenda chuo cha ualimu, gari lilikuwa halipandi Chome ila kwa bahati, kwa hiyo mama alibeba sanduku langu la bati kichwani, kutwa nzima, kushuka mpaka barabara kuu. Kabla ya hapo alikuwa amemwomba mtu mwenye mwandiko aandike kwenye mfuniko kwa rangi nyeupe, MWL. NAKUNDA. Nilimwambia mama, sijawa mwalimu bado. Akanijibu kwamba sanduku limeshakuwa, mimi nitafuata.

Tangu siku ile yeye pia alipata jina jipya. Kanisani, sokoni, kisimani, aliitwa Mama Mwalimu, na alilivaa jina lile kama nguo ya Jumapili.

Nilipoacha kazi sikumwambia. Huo ndio woga wangu mkubwa maishani na siuonei fahari. Alisikia kwa watu, akateremka Same bila taarifa, akanikuta juu ya ngazi, suruali ya mitumba chini ya kanga, naandika neno HOTELI kwa herufi za urefu wa mtoto. Lakini mimi hakunitazama sana. Chini ya ngazi palikuwa na lile sanduku. Nilikuwa nawekea brashi na chupa za mafuta ya taa, na rangi nyekundu ilikuwa imemwagikia mfuniko ikafunika ile MWL., jina langu likabaki peke yake. Mama alilitazama muda mrefu. Ngonyani akampa kiti na maji ya kunywa. Alikunywa, akashukuru, akaondoka na gari lililofuata.

Wiki chache baadaye shangazi alikuja na habari. Jumapili watu walikuwa wamemuuliza mama kuhusu binti yake, naye akajibu kwa utulivu kabisa kwamba Mwalimu yuko likizo.

Nilicheka, halafu nikalia. Likizo ile ilidumu miaka sita.

Msije mkafikiri alinifukuza. Nilipokuwa napanda nyumbani alinipikia makande, alinipakulia kwanza mimi, aliuliza afya yangu na kuniita Mwalimu kama kawaida. Ila nikigusia kazi, alikumbuka ghafla kwamba hajamtazama ng'ombe. Yule ng'ombe alitazamwa sana miaka ile. Nami nawaambia kweli, wateja nilikuwa nao, hasa biashara ilipoachiwa huru na maduka yakajaa tena. Kila mtu alifungua kitu, saluni, mgahawa, duka la dawa, mashine ya kusaga, na kila kitu kilitaka jina na picha ukutani. Nilipanda ngazi toka Same mpaka Mwanga. Lakini kitu nilichokuwa nakitaka hakikuwa wateja. Nilitaka mama aseme mara moja tu, mbele ya mtu, kwamba mimi ni fundi.

Katika miaka hiyo nilijifunza pia kuchora waliokufa. Wazee wengi walikuwa wanazikwa bila kuwahi kupigwa picha, na watu walikuwa wameanza kutaka sura ya kutanguliza mbele ya jeneza. Walikuja bandani wamechoka kwa msiba, wanataka sura ya mtu ambaye sijawahi kumwona. Ngonyani alinifundisha kwamba usimwulize mfiwa marehemu alifananaje, kwa sababu atakwambia alikuwa mtu mzuri. Muulize alikuwa anakasirikaje. Muulize akila alikuwa anatazama wapi. Muulize nani katika ukoo akiingia gizani mnashtuka mkidhani ni yeye, halafu mwite huyo akae. Uso unakuja wenyewe, kidogo kidogo, na mfiwa ndiye atakayekwambia umefika.

Alipozeeka Ngonyani alirudi kwao Songea. Aliniachia ngazi na onyo moja, akalirudia mpaka kituo cha basi: uso haufunikwi kabla haujakauka. Na usipime kwa macho, pima kwa mgongo wa kidole, maana macho yana haraka.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya Jumatatu, mama alikuja. Alikaa juu ya pipa lililopinduliwa, akapanga kitenge chake magotini, akaupa uso ukuta, si mimi. Aliongea kwa Chasu, lugha yetu ya milimani, nami nawaandikia kwa Kiswahili, ladha nyingi imebaki kule.

“Tunalijengea kaburi la baba yako Jumamosi,” alisema. “Watoto wa kaka yako wananiuliza babu alikuwaje. Nimechoka kuwaambia mrefu.”

Nikachukua kitambaa cha kufutia brashi, nikajifuta mikono. Picha ya baba haikuwapo. Kilichokuwapo ni kipande chake cha kazi kule mkonge, karatasi yenye jina na vile visanduku thelathini vya siku, hakuna sura. Mimi mwenyewe namkumbuka magoti tu.

Mama alikaa kwangu siku tatu. Nilimuuliza maswali ya Ngonyani kama ninavyowauliza wateja, na ilikuwa ajabu kumuuliza mama yako mambo hayo. Akikasirika alifanyaje? Alinyamaza, akasugua jicho kwa mgongo wa mkono, kwa sababu maji ya mkonge yalikuwa yanamwasha macho mwaka mzima. Akifika nyumbani je? Aligonga paji mlangoni. Kila mwezi aliligonga, mlango mfupi na yeye mrefu, kovu halikupata nafasi ya kupona. Halafu mama akatabasamu kidogo, akasema kwamba kitandani alikuwa hafiki. Alikuwa amepanda mlima kutwa nzima, basi analala pale pale karibu na moto, shavu juu ya kaniki yake mama iliyokunjwa, na akiamka shavu lote lina mikunjo ya nguo, sisi watoto tunamcheka. Hilo la kucheka sikulikumbuka. Nililichukua nikaliweka moyoni.

Ubao wa kwanza niliuchora kwa kutazama paji langu kwenye kioo. Mama akasema huyu ni mchungaji. Wa pili nikamwita kaka yangu akae, nikachukua kidevu chake, mama akasema huyu ni baba yako mdogo, tena siku ambayo amedai shamba. Wa tatu nilimaliza Jumatano alasiri. Mama alikuwa anachagua mchele. Aliinua macho, akaweka ungo chini. Alisogeza kiti akakaa mbele ya ule ubao, akavuta kilemba chake kikae sawa, akakusanya nguo yake vizuri kama mwanamke anayepitiwa na mtu anayemheshimu. Nilitoka nje, nikajifanya natafuta kuni, na jiko langu lilikuwa la mkaa.

Niliporudi aliniambia jambo moja tu. “Shavu hilo limekonda mno. Alikonda alipokufa. Sitaki wamwone alivyokufa.”

Alhamisi asubuhi alipanda gari la kurudi Chome. Kabla hajaondoka alivua kitenge chake cha mabegani, kipya, chekundu chenye maua ya rangi ya chungwa, akaniambia nimfunikie baba asipigwe na vumbi la njiani. Nikaitikia ndiyo mama.

Sasa sikilizeni kosa langu. Ijumaa nililinenepesha shavu, nikagusa na masharubu. Wakati ule duka la vifaa lilikuwa na rangi nzuri ya makopo na tapentaini halisi, na mimi nilikuwa nayo, iko pale mezani. Lakini mkono uliofundwa na miaka ya foleni ukiona kopo limefunguliwa unakimbilia mafuta ya taa, haukuulizi. Nilichanganya kama zamani. Jumamosi alfajiri nilipima kwa macho. Kwa kidole sikupima, nadhani nilikuwa naogopa jibu. Ningeweza kumpeleka bila kumfunika. Ila mama yangu alikuwa amenivulia nguo yake kwa ajili ya kazi yangu, kwa mara ya kwanza katika miaka sita, na mimi nikatae kuitumia? Nilimfunga baba kwenye kitenge, nikabana kwa kamba ya mkonge, nikapanda gari.

Gari lilikwama kwenye utelezi mbali na kijiji, kama ilivyo desturi yake. Nikamtwika baba kichwani, nikaanza kupanda kwa miguu. Wanawake wanaoteremka na ndizi waliniuliza, Mwalimu, umebeba nini, nikawajibu nimembeba baba. Walicheka, kisha wakaona sicheki, wakanipisha njia.

Nyumbani msaragambo ulikuwa umeshakolea. Huo ni utaratibu wetu, kazi ya mmoja inafanywa na wote. Wanaume walikuwa wanapandisha kokoto, wanawake maji, saruji imeshamwagwa na wazee wamekaa kwenye mabenchi ya kanisa. Mchungaji alitangaza kwamba sasa tutamwona marehemu. Watoto wa kaka yangu wakasogezwa mbele. Nikauegemeza ubao kwenye kiti, nikafungua kamba, nikashika ncha ya kitenge.

Kitenge kiligoma. Nikavuta kidogo, kikagoma. Nikavuta kwa nguvu, kikaachia kwa sauti ya plasta inayobanduliwa kwenye kidonda.

Alikuwa baba, hilo kila mtu aliliona, wazee waliguna. Lakini kwenye shavu la kushoto, lile nililolinenepesha, palikuwa na ua zima la kitenge, la rangi ya chungwa, limekaa vizuri kama lililopandwa. Na nusu ya masharubu haikuwapo. Ilikuwa kwenye kitenge, mkononi mwangu.

Baba mdogo alikohoa. Mtoto mmoja akauliza kwa nini babu ana ua, akafinywa. Mimi niliona miaka yangu yote ya ngazi inakusanyika na kuteremka mlimani bila mimi. Niliona mama atakavyosema, rudi shuleni mwanangu, umejaribu.

Mama alitoka kwenye benchi la wajane. Alifika mbele ya ubao, akainama, akaukaribia sana uso ule kwa sababu macho yake hayakuwa mazuri tena. Nikaona mabega yake yanatikisika. Nilidhani analia. Akaweka mkono mdomoni, na kicheko kikamtoka, kicheko cha msichana ambacho sijawahi kukisikia tangu nizaliwe, mpaka machozi yakamjaa.

“Amelalia nguo yangu,” alisema.

Wazee wawili watatu waliokuwa wanamjua baba wakaanza kucheka nao, na aliyefuata ni shangazi, na mwishowe kaburi zima. Baba mdogo alisema kwa upole kwamba bila shaka Mwalimu anaweza kulifuta. Mama akanigeukia, bado anajifuta macho, akaniambia nikilifuta hilo ua tutakosana.

Baada ya ibada watu walikaa kula. Mchungaji, ambaye alikuwa amehamia Chome miaka mitatu nyuma na amelelewa kwenye ile hadithi, aliniamkua akamgeukia mama, akauliza kwa nia njema kabisa likizo ya Mwalimu inaisha lini. Mama alikuwa anapakua makande. Hakuacha kupakua.

“Harudi, mchungaji,” alisema. “Huyu ni fundi.”

Kisha akampa mchungaji sahani, nyingine akanipa mimi, akaenda kumtazama ng'ombe. Nilijua safari hii alikuwa na sababu nyingine ya kwenda.

Basi mnaponiuliza niliachaje kazi, jibu langu ndilo hilo. Barua niliyompa karani haikuwa kitu. Kazi ya ualimu niliiacha Jumamosi ile Chome, mchana, na sahani ya makande mkononi. Kama kwenu inaweza kuchukua miaka sita sijui. Nami siwezi kuwaambia muache au msiache, kila mtu ana mama yake. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba muwaambie wenyewe, msiwaache wasikie kwa watu, na rangi muipime kwa mgongo wa kidole.

Siku hizi mabango yanachapwa kwa mashine, yanatundikwa kabla chai haijapoa. Siwachukii wenye mashine. Goti langu limekataa ngazi tangu zamani, na sanduku la bati liko chini ya kitanda na brashi zake.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kabla hajadhoofika sana alinitumia ujumbe nipande na ubao. Alisema hataki kuja kuelezwa na watu akiwa hayupo, wataanza kusema alikuwa mtu mzuri, basi nimchore mwenyewe anaona. Nilimkuta amekaa mlangoni, ameoga, amejitanda kile kitenge cha maua. Hakuwa amekifua kwa sabuni ya nguvu hata mara moja. Begani palikuwa na alama nyeusi, fupi, imeinama kidogo, nusu ya masharubu ya baba.

Nilichora siku mbili. Nilipokuwa nakaribia kumaliza aliomba kuona, akatazama uso wake, akatazama mikono, akafika begani. Hapo aligonga kwa kidole.

“Fundi,” alisema, “umemsahau baba yako.”

Nikachukua brashi ya ndevu za mbuzi, nikamweka.